Baba Aliyeipa Treni Mgongo

Wajukuu wangu wamerudi jana wakinuka dawa ya bwawa. Nguo zao nimezianika mwenyewe huku nimegeuza uso pembeni, maana harufu ile ni ya choo cha hospitali kilichotoka kupigwa deki. Walipelekwa mahali pa kuogelea penye bomba kubwa la plastiki. Mtoto anapandishwa ngazi, anakalishwa mdomoni mwa bomba, anateremka na maji mpaka chini kama uchafu wa jikoni. Halafu anapanda tena. Siku nzima. Nikamuuliza yule mdogo, "Umeona nini huko?" Akanijibu, "Bibi, tumeteleza." Basi. Wametoka Dar es Salaam, wamekuja mpaka huku Makambako kwenye baridi yetu, ili wateleze.

Wiki iliyopita walipelekwa kwenye maporomoko ya maji pale Njombe. Hapo kidogo nilinyamaza, nikasema angalau hayo ni maji ya Mungu. Waliporudi nikauliza maji yakoje msimu huu. Wakanifungulia simu. Picha chungu nzima, na katika kila picha wao wako mbele wanacheka, maji yako nyuma ya visogo vyao. Hakuna aliyekumbuka kama yalikuwa mengi au machache.

Na baba yao, huyo mkwe wangu, siku waliyofika alishuka garini akanikumbatia kifua kwa kifua mbele ya majirani. Akaniita mama mkwe kipenzi. Akasema lazima niende nao kuogelea, atanishika mkono yeye mwenyewe majini. Nikamwambia mimi nimeshaoga.

Siwachukii. Ila kuwadharau nawadharau, na sioni kwa nini nifiche. Ninyi wenzangu mliokulia viazi vya kuchemsha kwa chumvi mnajua ninachosema. Jana nilipokuwa kwenye kamba ya nguo, treni ikapiga honi huko stesheni, na upepo ukaniletea moshi wake. Harufu mbili zikagombana puani mwangu, dawa ya bwawa na moshi wa treni. Ya moshi ikashinda, ikanichukua mpaka kwetu.

Kwetu ni upande wa Uwemba, juu ya Njombe. Huko hatukuwa na kitu kinachoitwa matembezi. Mtu alitembea akiwa na shida: msiba, mashine ya kusaga, hospitali, ng'ombe aliyepotea. Aliyetembea bila shida aliitwa mzururaji, na binti zake hawakuposwa upesi. Kwa hiyo jioni ile Baba aliposema likizo hii atatupeleka Makambako tukaone treni, Mama aliweka mwiko chini akamnusa mdomo.

"Sijanywa," Baba akasema.

"Basi unaumwa."

"Siumwi. Tutakwenda. Wote."

Baba alikuwa mbandua magome ya miwati. Viganja vyake vilikuwa vyekundu mwaka mzima kwa utomvu wa miti ile, hata akinawa, na koti lake kubwa la zamani, kabuti la kijeshi alilonunua mnadani, lilinuka gome bichi. Hakuwa mtu wa maneno. Lakini treni ilikuwa imemkaa kichwani. Reli ilikuwa bado mpya wakati ule, na kila aliyewahi kufika Makambako alirudi hashikiki. Alikaa kilabuni anasimulia, na watu wazima wenye akili zao wanamnunulia pombe ya komoni ili aendelee. Baba alikwenda kusikiliza, akirudi anachora mchangani kwa kijiti: hivi ndivyo linavyopinda, hivi ndivyo linavyoshikana. Mama akimwita kula hasikii. Kaka yangu Enoki alikuwa akimcheka kwa siri. Enoki amekuwa mtu wa kucheka kwa siri tangu tumboni.

Lakini safari ile haikuwa ya Baba. Wala haikuwa yetu sisi watoto, ingawa tulijidanganya hivyo. Safari ilikuwa ya jicho la Bibi.

Bibi alikuwa mama yake Mama, Mkinga wa Tandala. Jicho lake moja lilikuwa limeshakufa. La pili, hospitali ya misheni kule kwao walimwambia linafuata, na hawana la kufanya. Hapo ndipo Baba alipomjengea nyumba ndogo ng'ambo ya kijito, mita chache kutoka kwetu, ili Mama amwangalie. Aliijenga kabla hajafika. Siku Bibi anafika, Baba alikwenda msituni akarudi giza limeingia.

Ninyi mnaelewa. Vijana hawaelewi, kwa hiyo nitasema polepole. Kwetu sisi mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Hawali pamoja, hawaketi chumba kimoja, hawapeani kitu mkono kwa mkono. Wakikutana njiani mmoja anaacha njia, anaingia majanini. Akikaribia mahali alipo mwenzake anakohoa kwanza, ili mwenzake ajifunike au aondoke. Wengine walilegeza kwa kupeana zawadi, wakaanza kusalimiana. Bibi hakulegeza. Tangu Baba amwoe Mama, Bibi hakuwahi kumwona hata kisogo. Mshenga alikuja, mahari ikaja, wajukuu wakaja. Mkwe mwenyewe alikuwa sauti ya kikohozi tu.

Mimi nilikuwa mtoto, na mtoto ni mjinga, asikudanganye mtu. Nilitazama mlango wa nyumba ya Bibi, umeelekezwa ng'ambo, umeipa nyumba yetu kisogo, nikaona huko ni kununa. Nilimwona Bibi akisikia kikohozi anavuta kanga mpaka kidevuni, nikaona hapendi kumwona Baba. Nikajua wamegombana, tena ugomvi mkubwa wa ng'ombe au wa shamba. Na kwa kuwa Baba alikuwa wangu, nikamchukia Bibi. Nilimpelekea viazi kila siku nikimchukia.

Ni yeye aliyeitaka treni. Alimwambia Mama nikiwepo: "Mwanangu, nimeona nzige, nimeona njaa, nimeona Wazungu wa kila namna. Hilo lichuma linalotembea sijaliona. Nataka jicho hili lifunge limeliona."

Usiku ule Mama alimwambia Baba, bila kutumaini kitu. Kesho yake jioni ndipo Baba aliposema tutakwenda wote.

Tulikwenda na lori la viazi. Dereva alikuwa mzee Shabani, mfanyabiashara wa Makambako aliyetokea Tabora, mtu mnene, mcheshi, asiyejua kitu cha kwetu na asiyeona aibu kwa kutojua. Nauli yetu ilikuwa mabega ya Baba: Baba atapakua magunia yote kwenye ghala, na jioni lori likirudi Njombe litatubeba. Asubuhi umande ulikuwa umeganda majanini, mweupe kama chumvi. Mama alitusugua miguu kwa jiwe mpaka ikawaka. "Treni ina watu wa nchi nyingine," akasema. Mimi nikaelewa kwamba treni ndiyo itakayotukagua miguu.

Bibi aliletwa na Mama, amejifunika kanga kichwani na blanketi juu yake. Baba alikuwa nyuma ya lori, amekaa upande wa pili wa matairi.

"Kamwene!" mzee Shabani akamsalimu Bibi kwa neno pekee la kwetu alilolijua. Kisha akapaza sauti: "Mzee! Uko wapi wewe? Njoo umshike bibi mkono umpandishe! Kabini nafasi ipo, wewe na yeye na mkeo!"

Baba hakutokea. Sauti yake ikatoka nyuma ya tairi. "Mama Enoki atampandisha."

"Mke wako ana mtoto mgongoni! Njoo bwana!"

"Huyo ni mkwe wangu."

"Sasa si ndiyo mama yako huyo?"

"Ndiyo maana."

Mzee Shabani akacheka mpaka akashika mlango. "Ninyi watu wa baridi," akasema, "mnakosa joto mpaka kwenye undugu!" Akampandisha Bibi yeye mwenyewe, kwa heshima, siwezi kumnyima hilo. Lakini njia nzima tulimsikia akiisimulia hadithi ile kwa Mama kana kwamba Mama hakuwepo.

Baba alipanda juu ya magunia pamoja na Enoki na mimi. Upepo wa alfajiri juu ya lori unakata masikio. Baba alitufunika kwa kabuti lake, yeye akabaki na shati.

"Baba, kwa nini hukai mbele?" Enoki akauliza.

"Huku kuna hewa."

Nilimtazama Baba meno yakigongana, nikatazama paa la kabini, chini yake Bibi ameketi kwenye joto la injini. Nikasema moyoni, amemfukuza. Baba yangu anapakua magunia ili yeye apandishwe gari, naye anamfukuza kwenye kiti.

Makambako ya siku zile mnaikumbuka. Vumbi, mabati, na upepo usio na adabu. Tulishuka kwenye ghala, Baba akaanza kazi, sisi tukatangulia stesheni na Mama. Bibi hakushikika. Alitembea kama msichana, kanga ameivuta nyuma ya masikio kwa kuwa Baba hayupo, jicho lake moja linatafuta kila kitu. Akauliza hiki nini, kile nini. Alitaka kuigusa reli. Mfanyakazi mmoja wa pale akamfokea asiguse, naye akamjibu, "Mwanangu, nimegusa mambo makubwa kuliko hili," akaigusa.

Tukauliza treni ya abiria itafika saa ngapi.

"Itafika," akasema yule mtu.

"Saa ngapi?"

"Ikifika mtaiona. Ni kubwa."

Tukaketi. Mama akafungua viazi na maharage tuliyobeba. Pembeni yetu walikuwepo wanawake wa mjini wenye mabeseni ya mayai ya kuchemsha na karanga, wamevaa viatu vya plastiki, wanajiona wamezaliwa na reli.

"Mnakwenda Zambia ninyi?" mmoja akauliza.

"Hatusafiri," Mama akasema. "Tumekuja kuona."

Wakatazamana. Kicheko kikapita kwenye mabeseni yote.

"Mtazame kwa mbali basi, mama. Lisije likawang'ata."

"Litang'ata nini kwetu?" Mama akamjibu. "Ninyi mnaokaa nalo ndio mmebaki meno matupu."

Bibi alicheka sana kwa hilo. Mimi niliona aibu, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kuwaogopa wanawake wale. Leo nakaa nao mji mmoja, wengine bado wapo, wazee kama mimi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kupanda treni ile. Maisha yao yote wameuza mayai mlangoni mwa kitu, wakawacheka waliokuja kukitazama.

Jua likapanda, likasimama, likaanza kuinama, na treni haikuja. Hapo furaha ikaanza kutoka. Maana jicho la Bibi lilikuwa jicho la mchana. Jua likiwa juu, aliona. Jua likilala, jicho lilijaa ukungu, na jioni hakuweza kutofautisha ng'ombe na ukuta. Mama alijua. Kila mara alitazama kivuli cha nguzo, kisha uso wa mama yake.

"Unaniona mimi vizuri, Mama?"

"Nakuona."

Baadaye kidogo, akinionyesha mimi: "Na Eda je, unamwona?"

"Namwona. Ana maharage shavuni."

Baadaye tena: "Na lile bati jekundu kule?"

"Bati lipo?" Bibi akauliza.

Mama akafumba macho. Sikuelewa chochote. Nilijua tu kwamba chakula kimeisha na kwamba Baba ameachwa peke yake na magunia, na kwamba yote ni kosa la kizee hiki kinachotaka kutazama vyuma.

Halafu honi ikalia, mbali, upande wa mashariki. Watu wote wakasimama kwa pamoja. Sijui walitoka wapi, stesheni ikajaa masanduku, magodoro, kuku, mabeseni. Mama akamvuta Bibi mpaka mbele kabisa, mimi na Enoki tukashika nguo zake. Ardhi ikaanza kutetemeka chini ya miguu yangu iliyosuguliwa kwa jiwe. Bibi akaitupa kanga mabegani, akanyoosha shingo kama kuku anayekunywa maji.

Wakati huohuo Baba akafika. Alikuwa ametoka ghalani mbio, vumbi la viazi mpaka kwenye nyusi, kabuti limefunguka. Aliisikia honi akakimbia, na umati ukamsukuma kutoka nyuma, ukamtema mbele, hatua chache tu kutoka pale tulipo.

"Baba Enoki!" Mama akapiga kelele.

Bibi akasikia. Mkono wake ukaruka wenyewe, ukavuta kanga, uso ukafunikwa mpaka kifuani. Na treni ndiyo hiyo inaingia, kichwa chake kimeshatupita.

Nimeishi miaka mingi, nimeona watu wakubwa wakiamua mambo makubwa, wengine kwenye viti vya kuzunguka. Sijaona aliyeamua upesi kama Baba. Nyuma yake watu walikuwa wamebanana, njia ya kurudi haikuwepo. Mbele yake kilikuwepo kitu alichokichora mchangani mwaka mzima. Alikitazama kidogo tu, labda aliona gurudumu, labda hakuliona. Kisha akageuka. Akakipa mgongo, akapandisha kola ya kabuti mpaka masikioni, akawatazama watu wa Makambako machoni. Akakohoa.

Bibi hakujifunua. Hakuamini.

Baba akakohoa tena, kwa nguvu, kikohozi cha mtu anayesema pita, njia ni yako.

Kanga ikashuka. Bibi akaona treni.

Watu walipomwona Baba walivunjika mbavu. "Mzee! Treni iko huku!" "Huyo amekuja kuona watu!" "Mgeuzeni jamani, amekosea upande!" Mwanamke mmoja wa mayai akamshika bega ili amgeuze. Baba akaondoa mkono ule kama mtu anayeondoa mdudu. Enoki, aliyekuwa mkubwa wa kutosha kujua aibu na mdogo mno kujua kitu kingine, akaninong'oneza, "Baba anaogopa." Na mpaka leo, uzee wake wote, kwenye kila harusi ya ukoo, Enoki akishashiba husimama akasimulia jinsi Baba alivyoiogopa treni. Watu wanacheka. Nimemweleza. Anajibu, "Dada, wacha watu wacheke." Mtu wa namna hiyo utamweleza nini?

Treni ilisimama muda mrefu, watu wanashuka, watu wanapanda. Bibi alianza kichwani kwa jicho lake, akaenda nayo polepole mpaka mkiani, kama anayekagua mbuzi wa mahari. Katikati akakumbuka. Akavuta kanga akajifunika, akakohoa: sasa zamu yako, nimetosheka. Nilimsikia. Baba, bila kugeuka, akakohoa kumjibu: bado, endelea. Bibi akangoja, akakohoa tena. Baba akakohoa zaidi. Wakashindana hivyo mara kadhaa, kila mmoja anamsukumia mwenzake treni, mpaka mimi nikajua wote wawili wameshikwa na kifua kwa upepo wa Makambako, nikasema Mungu amewaadhibu kwa ugomvi wao. Mwishowe Bibi akashindwa. Akajifunua akaitazama mpaka ilipoanza kuondoka, mpaka behewa la mwisho likawa dogo, mpaka akawa anatazama mahali ilipokuwa.

Kisha akajifunika. Akakohoa kwa sauti ya kawaida.

Baba akageuka. Reli zilikuwepo, na moshi kidogo, na ganda la yai. Akazitazama reli upande huu, akazitazama upande ule.

"Haya," akasema. "Shabani anangoja."

Kurudi alikaa tena juu ya magunia, safari hii ya chumvi. Hakuna aliyemuuliza kitu. Mimi sikuuliza kwa sababu nilimwonea aibu.

Masika yalipofika jicho la Bibi likafunga. Halikuuma. Siku moja aliniuliza kama mvua imetia giza, nami nikamwambia jua linawaka. Akasema, "Basi ndiyo hivyo," akaendelea kuchambua maharage.

Mzee Shabani alipopita kununua viazi akasikia habari. Alikaa uani kwetu, akapewa chai, akaanza ushauri wake. "Mzee, Mungu amekufungulia njia. Bibi haoni tena. Mlete hapa nyumbani akae motoni na wajukuu. Ukiingia ukitoka, nani atakayejua? Hakuoni!"

Baba alikuwa ananoa shoka. Hakuinua kichwa.

"Yeye ndiye haoni," akasema. "Mimi naona."

Mzee Shabani akaishia kunywa chai yake. Ndiyo mara pekee niliyomwona dereva yule amekosa la kucheka.

Kwa hiyo Bibi alibaki kwake, na Baba alizidi kwenda ng'ambo ya kijito, nje ya nyumba yake, kumpasulia kuni. Nilikuwa nakaa ndani na Bibi jioni kabla ya chakula. Nje shoka linagonga, ndani moto, na Bibi akaanza tabia mpya. Alinisimulia treni. Kila jioni, tena kwa sauti kubwa kana kwamba mimi ni kiziwi. Rangi yake, ngazi zake, moshi wake unatokea wapi, behewa na behewa vimeshikana kwa chuma kama mikono ya watu wanaosalimiana.

Nikachoka. "Bibi, mimi nilikuwepo. Niliona."

"Nyamaza usikilize."

"Lakini nilikuwepo!"

"Nani anasema na wewe?"

Nje shoka likawa limenyamaza. Kikohozi. Halafu sauti ya Baba ikapita ukutani, ya chini, kama ya mtoto anayeuliza darasani.

"Eda. Muulize Bibi yako, madirisha yalikuwa na vioo?"

"Yalikuwa navyo, Baba, mimi niliona vi..."

"Sikukuuliza wewe."

Hapo ndipo nilipoelewa. Siwezi kusema nilielewa kwa akili. Ujinga wa mtoto hautoki kwa siku moja. Lakini mwili wangu ulielewa, nikaketi wima. Nikamgeukia Bibi, aliyekuwa amenisikia na amemsikia, aliyekuwa anajua kila kitu, nikamuuliza kwa heshima kama mshenga.

"Bibi, Baba anauliza, madirisha yalikuwa na vioo?"

Bibi akachochea moto. Hakuwa na haraka.

"Mwambie yalikuwa navyo. Vimesuguliwa vizuri, kama maji yaliyotulia. Nilipotazama kimoja, ndani yake nikaona mtu amesimama nyuma yangu, amegeukia kule. Mgongo tu. Amevaa kabuti."

Nikapeleka maneno yale ukutani, neno kwa neno. Nje nilisikia kijito tu. Nikadhani Baba ameondoka.

"Muulize," Baba akasema, na ikabidi aanze upya, "muulize mtu huyo alikuwaje."

Nikauliza.

"Mwambie," Bibi akasema, "alikuwa mrefu kuliko nilivyoambiwa."